Beg, Baga na Bwana

Mwezi Desemba mwaka 1055, Tughril Beg aliingia Baghdad na wapanda farasi wake. Watu wake walikuwa Waturuki wa ukoo wa Seljuk, ambao muda si mrefu kabla ya hapo walikuwa wakichunga kondoo na farasi upande wa mto Syr Darya. Khalifa al-Qa'im hakuwa na jeshi la kumzuia, na wala hakuwa na hamu ya kumzuia: Wabuyidi waliokuwa wamemshikilia miaka yote hiyo walikuwa Washia, na mgeni huyu alikuwa Msuni. Jina la Tughril likasomwa katika khutba ya Ijumaa. Mwaka 1058 khalifa alimvika mavazi ya heshima na kumtangaza mfalme wa mashariki na magharibi.

Mtu aliitwa Beg, mji uliitwa Baghdad. Huenda kipande cha jina la mtu na kipande cha jina la mji ni neno moja lililoachana miaka mingi nyuma, moja likabaki kusini kwa Waajemi, jingine likapanda kaskazini hadi kwenye nyika za wafugaji, kisha likarudi kwa kwato za farasi. Nasema huenda, kwa kuwa hapo ndipo wanaisimu wanapovutana hadi leo, na sababu za kuvutana kwao zinavutia kuliko jibu lenyewe.

Tuanze na mji, kwani habari zake hazina mgogoro mkubwa. Khalifa al-Mansur alipoujenga mwaka 762 aliuita Madinat as-Salam, Mji wa Amani. Serikali iliandika hivyo kwenye sarafu, lakini midomo ya watu iliendelea na jina la kijiji kilichokuwapo hapo kabla yake: Baghdad. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba jina hilo ni la Kiajemi cha zamani, bag likiwa mungu na dad likiwa kutoa; mahali palipotolewa na mungu. Baadhi ya wanazuoni wa Kiislamu waliliona jina hilo lina harufu ya sanamu, wakalikwepa. Wengine walijaribu kuliokoa kwa kudai kwamba bagh ni bustani. Bustani kwa Kiajemi ni bagh kweli, lakini irabu yake ni ndefu, na ni neno jingine kabisa.

Lile la mungu ni la kale sana. Magharibi mwa Iran, juu ya njia kuu iliyokuwa ikienda Babeli, kuna jabali ambalo mfalme Dario wa Kwanza aliamuru lichongwe, karibu mwaka 520 KK. Alichonga picha yake akimkanyaga mpinzani, na chini yake akasimulia kwa lugha tatu jinsi alivyopata ufalme. Katika Kiajemi cha maandishi hayo, mungu ni baga. Hata jabali lenyewe lilibeba neno hilo, kwani Wagiriki waliandika jina lake katika umbo linalotokana na Bagastana, mahali pa miungu. Ndimi zililiguguna jina hilo kwa karne nyingi hadi likawa Bisotun, ambalo Mwajemi wa leo akilisikia anaelewa "pasipo nguzo". Miungu imetoka, nguzo zimeingia, ingawa hazikuwapo.

Nyuma ya baga kuna mzizi wenye maana ya kugawa. Kwa Wahindi wa kale, Bhaga alikuwa mmoja wa miungu, mgawaji wa mafungu, na kutoka hapo wakapata bhagavan, mheshimiwa mwenye baraka. Kwa Waslavi, bog ni Mungu, bogat ni tajiri, na ubog ni maskini, yaani mtu asiye na fungu. Je, Waslavi walilirithi kutoka kwa babu mmoja na Waajemi, au walilikopa kwa wapanda farasi wa Kiirani waliokuwa kaskazini mwa Bahari Nyeusi? Hilo nalo lina pande mbili. Kwa Waajemi wenyewe mzizi huo ulizaa bakht, fungu ulilopangiwa, na bakhshidan, kutoa au kusamehe. Haya mawili yalisafiri baharini hadi kwetu: la kwanza ndilo bahati, lililopitia kwa Waarabu, na la pili ndilo bakshishi. Mhudumu wa hoteli ya Malindi anayesubiri bakshishi anatumia, bila kujua, jamaa wa neno ambalo Dario alilichonga kwa ajili ya Ahura Mazda, mungu wake.

Mungu alianza kushuka ngazi mapema. Wafalme wa Kisasani, waliotawala Iran kabla ya Uislamu, walijiita bay kwenye sarafu zao, na bay hilo ni baga lililochakaa. Hawakudai kuwa waumbaji wa mbingu. Walitaka heshima inayokaribia hapo. Mfalme wa China naye, aliyejiita Mwana wa Mbingu, Wairani walimtafsiri kuwa bagapur, mwana wa mungu, na Waarabu wakaliandika baghbur au faghfur. Al-Mas'udi, msafiri wa karne ya 10, analieleza jina hilo katika kitabu chake Muruj adh-Dhahab. Ni huyu huyu aliyefika Qanbalu, kisiwa ambacho wengi wanakitambua kuwa Pemba, na ndiye aliyeandika kwamba mfalme wa Zanj, yaani wa pwani yetu, huitwa kwa neno ambalo wasomi wengi wanaliona kuwa ni "wafalme", akalifasiri kuwa mwana wa Mola mkubwa. Tafsiri yake kwa upande wetu ina walakini. Nadhani sikio lililokwisha kuzoea baghbur lilikuwa tayari kusikia mwana wa mungu kila lilipoelekezwa.

Kutoka kwa mfalme hadi kwa mtu wa kawaida kuna hatua moja, na hatua hiyo tunaweza kuiona kwenye karatasi. Mwaka 1907 mwanaakiolojia Aurel Stein alikuta mfuko wa barua katika magofu ya mnara wa ulinzi, magharibi ya Dunhuang, mahali China inapokutana na jangwa. Zilikuwa barua za Wasogdia, Wairani wa Samarkand na miji jirani, ambao kwa karne nyingi ndio waliokuwa wafanyabiashara wakuu wa njia ya hariri. Ziliandikwa mwanzoni mwa karne ya 4, na hazikufika zilikokuwa zikienda.

Moja iliandikwa na mwanamke aitwaye Miwnay. Mume wake, Nanai-dhat, alikuwa amemleta Dunhuang kisha akamwacha huko na binti yao, bila fedha na bila njia ya kurudi kwa mama yake. Anaanza kwa adabu zote za barua za Kisogdia: anamsalimu bwana wake mtukufu, mumewe, anampigia goti kama miungu inavyopigiwa. Kisha anamwaga yaliyomo moyoni, na kabla hajamaliza anamwambia kwamba ingekuwa heri awe mke wa mbwa au nguruwe kuliko kuwa mke wake. Neno analotumia kumheshimu mume huyo kwenye mstari wa kwanza ndilo hilo hilo linalotumika kwa miungu. Wasogdia waliliandika kwa konsonanti mbili tu, kwa kuwa hati yao haikuwa na mazoea ya kuonyesha irabu fupi: b iliyolegea kama v, na gh. Mungu, bwana, mume asiyefaa kitu. Wote walitosha katika neno moja.

Waturuki walikutana na watu hawa walipojenga dola yao ya kwanza huko Mongolia katikati ya karne ya 6. Wafugaji walikuwa na farasi na mishale. Wasogdia walikuwa na kalamu, bidhaa na lugha za kigeni. Jiwe la Bugut, mojawapo ya kumbukumbu za kale kabisa za dola hiyo, liliwekwa mwishoni mwa karne hiyo, nalo limeandikwa kwa Kisogdia. Wakuu wa Kituruki waliwakumbuka wafu wao kwa lugha ya makarani wao. Vyeo vingi vya baraza lao pia vina sura ya kigeni: khatun, mke wa mfalme, kwa wengi ni neno la Kisogdia.

Kituruki chenyewe kilipanda kwenye mawe katika karne ya 8. Katika bonde la Orkhon zimesimama nguzo mbili, ya mwana wa mfalme Kül Tigin ya mwaka 732 na ya kaka yake Bilge Khagan ya mwaka 735. Kwa karne nyingi hakuna aliyeweza kuzisoma, hadi mwaka 1893 Mdenmaki Vilhelm Thomsen alipoifumbua alfabeti ya maandishi hayo, akianzia na jina la Mungu wa Waturuki, Tengri. Ndani ya maandishi hayo beg yumo kila upande. Mfalme anawahutubia mabeg na umma, kwa pamoja, akiwakaripia. Anawakumbusha jinsi wana wa mabeg walivyogeuka watumwa wa Wachina, na mabeg wenyewe wakatupa vyeo vya Kituruki na kuvaa vya Kichina. Kwa hiyo katika karne ya 8 beg si mungu hata kidogo. Ni mkubwa wa ukoo, aliye chini ya mfalme na juu ya watu.

Ugomvi unaanzia hapa. Kundi moja linasema beg ni baga, lililoletwa na Wasogdia. Kundi jingine linatazama mashariki. Gerard Clauson, katika kamusi yake kubwa ya Kituruki cha kale ya mwaka 1972, alisema karibu kwa uhakika kwamba ni neno la Kichina, cheo cha mkuu wa watu mia. Wengine wanapendelea neno jingine la Kichina linaloandikwa leo bo, lenye maana ya kaka mkubwa na kabaila. Zamani maneno hayo yalitamkwa na k mwishoni, kitu kama pak au pek. Gerhard Doerfer, Mjerumani aliyechambua maneno ya Kituruki na Kimongolia yaliyoingia Kiajemi, alikataa kuufunga mlango kwa wale wanaosema neno ni la Waturuki wenyewe.

Tatizo la nadharia ya Kiirani ni irabu. Baga lina a. Beg lina e. V ya Kisogdia haisumbui, maana Kituruki cha kale hakikuwa na v mwanzoni mwa neno na kingeibadilisha kuwa b tu. Lakini a haikuwa na sababu ya kugeuka e. Na kuna ushahidi unaozidi kubana. Tonyukuk, waziri mzee aliyewatumikia wafalme kadhaa wa Kituruki, naye aliacha nguzo zake, karibu na Ulaanbaatar ya leo, na cheo chake humo ni Boyla Bagha Tarkan. Bagha, kwa a zote mbili. Hili wengi wanakubali kuwa ni baga la Wairani. Sasa kama Waturuki walilikopa neno na kulitamka bagha, beg limetoka wapi katika zama zile zile?

Hoja hiyo ni nzito, ila haivunji kila kitu. Lugha hukopa neno moja mara mbili. Sisi tuna skuli kutoka kwa Mwingereza na shule kutoka kwa Mjerumani, na yote mawili yanarudi kwenye Kilatini. Mtu wa miaka elfu ijayo akiyakuta katika gazeti moja anaweza kuapa kwamba hayana undugu. Bagha huenda liliingia kwa makarani kama cheo rasmi, na beg likawa limeshaingia zamani zaidi, kwa mlango mwingine, likapinda irabu yake njiani. Mimi naegemea huko, ingawa neno la Kichina lina irabu inayokaa vizuri zaidi na sioni aibu kulikiri hilo.

Kitu ambacho sikubaliani nacho ni ile hoja inayotajwa wakati mwingine kwamba maana zimeachana mno, kwamba neno la Mungu haliwezi kuteremka hadi kwa mkuu wa ukoo. Hoja hiyo haina mashiko, na Mswahili hahitaji kwenda Dunhuang kuikataa. Tunasali kwa Bwana, tunamwita bwana shamba aje aangalie mihogo, tunamuuliza mama Asha bwana wake yuko wapi, na jioni tunampigia vigelegele bwana harusi. Mtu huyo huyo hutumia maana zote nne kwa siku moja na hakuna anayechanganyikiwa.

Waturuki nao walifanya vivyo hivyo. Mahmud al-Kashgari aliandika kamusi yake ya kuwafundisha Waarabu Kituruki katika miaka ya 1070, ndani ya Baghdad hiyo hiyo aliyoingia Tughril, akamtunukia khalifa al-Muqtadi. Chini ya beg anaeleza kwamba ni amiri, kisha anaongeza kwamba mume wa mwanamke pia huitwa beg, kwa kuwa nyumbani mwake anafanana na amiri. (Miwnay angekuwa na la kusema.) Kamusi hiyo imetufikia kwa nakala moja tu, iliyonakiliwa mwaka 1266 na kuibuka Istanbul mwanzoni mwa karne ya 20, pale Ali Emiri, mpenzi wa vitabu, alipoinunua kwa muuza vitabu. Kwa Kiazabaijani cha leo, bey ni bwana harusi.

Baada ya Seljuk neno likasambaa kila Waturuki walipofika, na kila mahali likavaa nguo za mahali hapo. Samarkand ilikuwa na Ulugh Beg, Beg Mkubwa, mjukuu wa Timur, aliyependa nyota kuliko vita. Orodha yake ya nyota ya mwaka 1437 ina zaidi ya 1,000, na mwaka 1449 aliuawa kwa amri ya mwanawe. Kwa Wakazaki neno liligawanyika mara mbili: bek likaganda mwishoni mwa majina ya watu, na bi, lililonyooka na kupoteza g yake, likawa cheo cha mzee mwenye kuamua kesi kwa ufasaha wa ulimi. Mmoja wa mahakimu mashuhuri wa karne ya 18 aliitwa Kazybek Bi, hivyo alilibeba neno moja mara mbili katika jina lake bila uzito wowote. India ikapata begum, mke au binti wa mkubwa. Huku Afrika Mashariki tunalifahamu kwa wake wa Aga Khan, ambaye majina yake mawili, aga na khan, nayo yametoka nyika hizo hizo. Tunis ilitawaliwa na mabey wa ukoo mmoja kutoka 1705 hadi jamhuri ilipotangazwa mwaka 1957. Jirani zao wa Algiers walikuwa na dey, ambalo kwa Kituruki ni mjomba, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kwa Waturuki wa Uthmani, g ya beg ililegea ikawa y, na bey akawa cheo chenye ngazi: bey wa wilaya, na juu yake beylerbeyi, bey wa mabey. Mmoja wa watu wa jina hilo tunamjua sisi. Amir Ali Bey alitoka Yemen mwaka 1585 akashuka pwani yetu kwa makasia, akiwaahidi watu wa Mogadishu, Lamu na Mombasa ulinzi wa Sultani wa Istanbul dhidi ya Wareno, na miji mingi ilimpokea kwa furaha. Aliporudi na meli tano alijenga ngome Mombasa. Machi 1589 akajikuta katikati: Wareno wa Tomé de Sousa Coutinho baharini, na Wazimba ng'ambo ya maji, jeshi la kutisha lililokuwa limekuja kutoka kusini. Wazimba walipovuka kuingia kisiwani, Ali Bey na wenzake walikimbilia kwa Wareno, maadui waliowafahamu. Alipelekwa Goa, kisha Lisbon, na huko akawa Mkristo. Wareno walijifunza somo lao. Mwaka 1593 walianza kuijenga Ngome ya Yesu.

Pwani ilikuja kumwona bey mwingine. Eduard Schnitzer, daktari wa Kijerumani aliyejulikana kama Emin, alikuwa bey alipokabidhiwa jimbo la Ikweta la Sudan ya Wamisri mwaka 1878, kabla hajapandishwa kuwa pasha. Desemba 1889 aliletwa Bagamoyo na mvumbuzi Stanley, na usiku wa karamu ya mapokezi akaanguka kutoka dirishani. Msomaji asikimbilie kuona baga ndani ya Bagamoyo. Mji huo ni wa kubwaga moyo.

Mahali ninapopenda kumaliza safari za neno hili ni Bosnia. Waturuki walikuja huko katika karne ya 15, na Waislamu wa Kibosnia wakahifadhi g ambayo Istanbul ilikwisha kuiacha. Katikati ya Sarajevo umesimama msikiti wa Gazi Husrev-beg, gavana wa karne ya 16 aliyeuachia mji huo shule, soko na maktaba. Rais wa kwanza wa Bosnia huru aliitwa Alija Izetbegović, jina la ukoo lenye izet ya Kiarabu, beg ya Kituruki na ović ya Kislavi. Na katika lugha ya watu hao Mungu ni bog. Bog na beg, yametofautiana kwa irabu moja, na kama Wasogdia ndio walioleta la pili, basi ni ndugu wawili waliozunguka Asia kila mmoja kwa njia yake wakaja kuishi mtaa mmoja.

Huko Uturuki, sheria namba 2590 ya tarehe 26 Novemba 1934 ilifuta vyeo vya efendi, bey na pasha. Serikali ya Atatürk iliweka badala yake Bay kwa wanaume na Bayan kwa wanawake, mbele ya jina. Bay lilichukuliwa kutoka neno la zamani la tajiri, lisilo na undugu na beg. Kwenye bahasha na fomu Bay limefanikiwa. Kwenye vinywa vya watu halikufua dafu. Ukifika Istanbul na ukaitwa kwa jina lako la kwanza likifuatwa na Bey, usidhani umepandishwa cheo. Umeitwa bwana tu, kama muuza duka wa Kariakoo angekuita.